Mshono wa Risasi

Siku ya tatu, taa ya ruta ni nyekundu.
Inawaka, inazima, kama pua inayotaka kupiga chafya
na chafya haiji.
Nimechomoa, nimehesabu hadi sitini, nimechomeka.
Nimeipangusa kwa kanga. Nimeipiga kibao.
(Tusidanganyane: kila mtu hupiga kibao.)
Kwenye simu ya kampuni nilisikilizishwa kinanda dakika kumi na saba,
kisha binti mwenye sauti ya asali akasema
fundi atafika ndani ya siku saba za kazi.
Siku saba! Na sare za harusi ni Jumamosi,
na shangazi wa Himo hajatuma picha ya mshono autakao.

Hapo ndipo majirani walipoanza kuja.
Aikande wa nyumba ya nyuma, begi la shule mgongoni:
"Shikamoo mama. Eti kwako umeme upo?"
Upo.
"Aa. Nilikuwa nauliza tu."
Yusto, mlinzi wa ghala la mbolea: leo mlima umejifunika, eh?
huku macho yake yako dirishani kwangu, kwenye kile kijitaa.
Mama Anande hakuzunguka. "Mwanangu wa Mtwara
hupiga saa mbili usiku. Jana hakupiga."

Nywila nilimpa mtu mmoja tu hapa Rau, tena kwa kunong'ona.

Nikafunga mlango. Nikaondoa vitambaa mezani.
Skrubu nne, zimejificha chini ya vimiguu vya mpira
kama hela ya bibi chini ya godoro.
Ubavuni nikapitisha kile kisu cha kufumulia.
Tak.
Ndani: vumbi, sisimizi mmoja mkavu,
na kwenye kona yenye joto mayai mawili ya mjusi,
meupe, madogo kama vidonge vya kichwa.
Kumbe na wewe ulikuwa mteja wangu, usiye na nywila.
Nikayahamishia kwenye kopo la vifungo, juu ya pamba.

Kapasita nne zimesimama, vichwa bapa.
Ya tano imevimba utosi kama andazi.

Mbuyuni, mzee Kundaeli alinichomolea nyingine
kutoka tumbo la king'amuzi kilichokufa. Mia tano.
Akaniazima na chuma chake cha kulehemu, akanionya:
namba ya kwanza iwe ileile; ya volti ikizidi si kitu.
Nikaelewa haraka. Bega huwezi kulibahatisha,
pindo likizidi unalikunja.
Na ule mstari mweupe ni upande wa hasi.
Ukiugeuza itakupasukia usoni.

Nimeshona magauni miaka thelathini na moja.
Sijawahi kushona kwa moto.
Risasi ikayeyuka, ikang'aa kama jicho la dagaa,
moshi wake mkali ukanitoa machozi,
kidole cha shahada kikaungua
palepale sindano ilipozoea.
Tone la kwanza likaanguka ovyo. Nikafumua.
La pili likatambaa, likaukumbatia mguu wa kapasita,
likatulia.

Saa mbili kasorobo nikachomeka.
Nyekundu.
Nyekundu.
Nikasema neno nisilolisema kanisani.
Kijani.

Ng'ambo ya masale mtu akapaza sauti: "Imerudi!"
na mwingine akamwambia nyamaza, atakusikia.
Nilikuwa nimeshasikia. Nikakanyaga cherehani, nikaongeza mwendo.
Picha ya shangazi ikaingia: mabega ya puto, Mungu wangu.
Nywila nitaibadilisha. Labda baada ya harusi.
Labda baada ya mitihani ya Aikande.

Skrubu moja imebaki. Sijui ilitoka wapi.
Nimeitia kwenye kopo, kando ya mayai,
na kopo nimelipandisha juu ya ruta, kwenye joto.